Pompa ya maji ya maembe: tuangalie mpira kwanza, moteri baadaye



Mnakumbuka ile siku ya posho, katika msimu wa maembe uliopita, ambapo mwenzetu mmoja aliungua mkono. Kazi ilikuwa ile ya siku zote hapa Uvira. Sufuria kubwa iko juu ya moto, mama mmoja anachota kwa kopo, wa pili anashika chupa kwa kitambaa, wa tatu anafunga vifuniko. Kopo likateleza. Maji ya maembe yaliyochemka hayafanani na maji ya kawaida. Ni mazito, yanashika kwenye ngozi kama uji, hayatiririki yakaenda. Mwenzetu alikaa majuma matatu bila kufua wala kusonga bugali. Mtoto wake wa kike, ambaye ninamfundisha, alikuwa anachelewa shuleni karibu kila asubuhi kwa sababu ndiye aliyekuwa anateka maji na kupikia wadogo wake.

Kwenye mkutano uliofuata wamama walisema kwa sauti moja: tutoe feza ya kasanduku, tununue pompa. Ndani ya kasanduku kulikuwa na dola 640, akiba ya mwaka mzima. Halafu mama prezida akanigeukia. «Mwalimu, wewe unajua kusoma maandiko madogo madogo yanayobandikwa kwenye mashini. Utaenda pamoja na mwekahazina.» Mimi ninafundisha hesabu na fizika, si fundi. Lakini nilienda. Tangu siku ile wamama wa vyama vingine wananisimamisha njiani kuniuliza tulinunua nini na tulinunua namna gani, ndiyo sababu naandika.

Pompa ya kwanza tuliyoonyeshwa

Tulianzia bandarini Kalundu, kwa sababu huko kuna mafundi wengi wa moteri za mashua. Mwuzaji mmoja alitutolea pompa ndogo, nzito, rangi yake kama ya sarafu ya zamani. Bei yake ilikuwa chini kabisa ya feza tuliyokuwa nayo. Mwekahazina alianza kutabasamu. Mwuzaji akasema: «Mama, hii inavuta maji ya ziwa mwaka mzima bila kuchoka. Maji ya maembe yataishinda nini?»

Hakusema uongo. Pompa za namna hii zimejulikana sana kwenye mashua: moteri ya mazutu inahitaji maji ya kuipoza, na pompa hii ndiyo inayoyavuta kutoka ziwani. Nilimwomba aifungue. Alitoa parafujo nne, akaondoa kifuniko, na hapo ndipo nilielewa kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona, ingawa ninafundisha habari za hewa na maji kila mwaka.

Ndani hakuna pistoni wala meno ya chuma. Kuna kitu kama ua la mpira, lenye mabawa mazito yanayozunguka kwenye mhimili. Mafundi wanakiita turubini ya mpira. Ua hilo linakaa ndani ya kopo la mviringo, na ukuta wa kopo una nundu upande mmoja. Bawa likifika kwenye nundu linapindwa, nafasi kati yake na bawa la jirani inakuwa ndogo, na kilichomo ndani kinasukumwa kwenda kwenye tundu la kutokea. Likipita nundu, bawa linanyooka kwa nguvu yake lenyewe, nafasi inapanuka, na kitu kipya kinavutwa kuingia. Ni hivyo tu. Kila bawa linapinda na kunyooka, linapinda na kunyooka, mamia ya mara kwa dakika moja.

Kwa sababu hiyo pompa hii inajivutia yenyewe. Wenye pompa ya kawaida ya kupandisha maji kwenye tanki wanajua taabu ya kuijaza maji kwanza ndipo ikubali kuvuta. Hii ya mpira, ikiwa imeloweshwa kidogo tu, inatoa hewa ndani ya tuyo na kuvuta kutoka chini bila kubembelezwa. Tena inakwenda pole: haipigi wala kukatakata kitu kinachopita. Nyuzinyuzi za embe zinapita. Maziwa ya soja yanapita bila kugeuka povu tupu. Huko Ulaya watengenezaji wa divai wanaitumia sana, na hata asali inasukumwa nayo, mradi izunguke polepole.

Basi kwa nini hatukuinunua ile ya bandarini? Ni kwa ajili ya chuma chake. Kopo lake lilikuwa la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na vitu vingine. Kwa maji ya ziwa ni nzuri, haipati kutu. Lakini embe na nanasi vina asidi, na asidi inakula shaba pole pole. Shaba hiyo inaingia katika kinywaji, na mtu akinywa shaba nyingi tumbo linamuuma na anatapika. Kuna bronzi nyingine ambazo zimechanganywa pia na risasi, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto bila mtu kuona dalili yoyote mapema. Wateja wetu wakubwa ni nani? Ni watoto wanaotoka shule saa sita. Nilimwambia mwekahazina kwa sauti ya chini, naye akafunga kikapu chake. Kusema kweli alinuna njia nzima mpaka nyumbani.

Chuma cha chakula ni inoksi. Kuna inoksi wanayoiandika 304 na nyingine 316. Ya pili inavumilia asidi na chumvi zaidi, na ikiwa feza inatosha hiyo ndiyo ya kuchukua. Nilikuwa nimebeba sumaku kutoka kabati la shule. Sumaku inakusaidia kumkamata chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha, kwa sababu inamshika kwa nguvu, wakati inoksi nzuri haishikwi au inashikwa kidogo sana. Lakini msidanganyike: hata bronzi haishikwi na sumaku. Kwa hiyo fungueni kifuniko mkaangalie rangi ya ndani, pale ambapo hakuna rangi ya kupaka. Mwuzaji anayekataa kufungua kifuniko cha parafujo nne, mwacheni na pompa yake.

Je, pompa ingemwokoa mwenzetu?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni hapa tulikaribia kupoteza feza yote.

Sisi tulikuwa tunafikiri hivi: tuyo moja ndani ya sufuria inayochemka, tuyo ya pili kwenye chupa, tunabonyeza, na hakuna mama atakayeungua tena. Lakini mpira una mwisho wake. Karatasi za watengenezaji wengi zinaruhusu joto mpaka digrii 80 hivi, kutegemea aina ya mpira. Sisi maji ya maembe tunayapasha mpaka digrii 80 au 85 kabla ya kuyatia kwenye chupa, ili yasichache. Maana yake tungeitumikisha pompa kwenye mpaka wake kabisa au hata kuuvuka, kila siku ya posho. Mpira ungelegea, mabawa yangekatika, na ndani ya mwezi mmoja tungekuwa na chuma cha kuwekea mlango usifungwe na upepo.

Nilirudi nyumbani na mawazo mengi. Nilichora jiko letu kwenye daftari, kama ninavyowaambia wanafunzi wachore kabla ya kuhesabu. Nikauliza: ni wapi maji ya maembe yako baridi? Yako baridi yanapotoka kwenye kichujio, mbele ya moto. Basi pompa ifanye kazi hapo. Ivute kutoka kwenye beseni lililo chini, ipandishe mpaka kwenye sufuria iliyo juu. Halafu sufuria yenyewe tuijengee jiko la matofali lililoinuka kama mita moja, na fundi wa kuchomea atie robine ya inoksi karibu na kitako chake. Maji ya moto yatashuka yenyewe kwenye chupa, kwa uzito wake, bila pompa na bila kopo.

Ndivyo tulivyofanya. Moto haukutani na mpira, na mkono wa mama haukutani na moto. Wamama wanaofikiria kununua, nawaomba mchore jiko lenu kwanza. Pengine mtagundua kwamba matofali na robine vinatosha, na feza ya pompa ibaki kwenye kasanduku. Sisi tulikuwa na lita 150 za kupandisha mara tatu kwa siku, na migongo ya wamama ilikuwa imechoka, kwa hiyo pompa ilikuwa na haki yake.

Mpira wenyewe

Mimi nilifikiri mpira ni mpira. Kumbe zipo aina, na kila aina ina adui yake.

Ile inayoitwa neopreni ndiyo ya kawaida, inafaa kwa maji na vinywaji vingi visivyo na mafuta mengi. Nitrili inavumilia mafuta. Ile wanayoiandika EPDM inavumilia vizuri asidi na dawa za kusafishia, lakini mafuta yanaiua: inavimba, inajaa ndani ya kopo na kukataa kuzunguka. Sasa fikirini chama kilicho hapa kwetu, ambapo bidoni za mawese zinashuka kutoka Fizi kila juma. Kesho mama mmoja atasema, tuihamishe mawese kwa pompa ile ile, juu ya nini tubebe bidoni kwa mikono? Ikiwa mpira ni EPDM, siku hiyo ndiyo ya mwisho. Sisi tulichagua nitrili, kwa sababu tunatengeneza maji ya maembe na ya nanasi, pia maziwa ya soja ambayo yana mafuta yake kidogo, na kwa sababu tunajijua: mawese yatakuja tu.

Aina ya mpira haitoshi. Neopreni ya mashua na neopreni ya chakula zinaweza kuitwa jina moja, lakini ya mashua haikutengenezwa ili mtu anywe kilichopita ndani yake. Kwa vitu vinavyotoka Ulaya kuna alama ndogo ya glasi na uma wa kulia chakula. Alama hiyo inasema kitu hiki kinaruhusiwa kugusa chakula. Itafuteni kwenye karatasi ya pompa, na mwulize mwuzaji wazi wazi: je, hata turubini ni ya chakula, au ni kopo peke yake? Mwuzaji mmoja alinijibu kwamba alama ilikuwa kwenye katoni ambayo ilikwisha kutupwa. Nilimshukuru, tukaondoka.

Halafu kuna swali ambalo, kwa maoni yangu, linapita mengine yote: turubini ya pili itatoka wapi? Turubini si kitu cha kudumu. Ni kama soli ya kiatu, inatembea mpaka inaisha. Ukinunua pompa nzuri ambayo turubini yake haipatikani tena, umenunua pompa ya miezi michache. Sisi tuliacha pompa moja nzuri sana, ya inoksi inayong'aa, kwa sababu mwuzaji hakujua jina wala namba ya mpira wake. Tuliyonunua ilipita kwa mfanyabiashara anayeagiza vitu kutoka nje, na tulimwambia hatulipi kama hakuna turubini ya akiba ndani ya katoni hiyo hiyo. Alilalamika, kisha akaileta. Namba yake nimeiandika mahali patatu: kwenye daftari la chama, kwenye ukuta wa jiko kwa rangi, na nyuma ya kitabu changu cha matayarisho ya masomo.

Hesabu kidogo, msikimbie

Wauzaji wanapenda kuuza pompa kubwa. Wanasema: hii inatoa lita 100 kwa dakika! Tuhesabu basi. Sufuria yetu ni ya lita 150. Pompa ya lita 30 kwa dakika itaijaza kwa dakika 5, na kwa maji mazito ya embe tuseme dakika 7 au 8. Nani ana haraka kupita hapo? Tena ile ya lita 100 ingemaliza beseni kabla mama hajageuka, na pompa ya namna hii ikizunguka bila kitu ndani inaungua. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa aibu.

Jambo la pili ni mwendo. Kwenye kibati cha moteri mtaona namba mbele ya maneno tr/min. Kwa kuran yetu mtakutana na 2 900 hivi, 1 450 hivi au 950 hivi. Maji mepesi yanavumilia mwendo mkubwa. Embe, uji wa soja na asali vinataka mwendo mdogo, kwa sababu kitu kizito hakiwahi kuingia katikati ya mabawa yanayokimbia. Mpira nao unakwisha upesi ukikimbia. Tulichukua ya 950, ingawa mwekahazina aliona kama tunalipa zaidi ili kupewa kidogo.

Jambo la tatu ni nguvu ya kusukuma. Kupandisha maji mita 10 kunahitaji kama bari 1. Sisi tunapandisha mita moja na nusu. Pompa za turubini ya mpira kwa kawaida zinafika bari 3 au 4 na si zaidi, nasi tunatosheka kabisa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo msizitumie kusukuma maji kwenye kitambaa kizito cha kuchujia, na msifunge kamwe robine ya upande wa kutokea wakati moteri inazunguka. Kitu hakina pa kwenda, mabawa yanalazimishwa, yanapasuka.

Kuhusu kuran, angalieni kama nyumba yenu ina monofaze au trifaze kabla ya kulipa, siyo baada ya kulipa. Moteri ndogo inapoanza kuzunguka inakula kuran mara tano au zaidi kuliko inapokuwa imekwisha kuzoea. Jenereta dogo tuliloazima kwa jirani lilikohoa, likazima. Tena sakafu ya jiko letu ni ya maji maji siku nzima: uzi wa ardhini uwekwe, na kibonyezo kiwe ukutani juu, mbali na matone. Hapo si pa kubana feza.

Tuyo ya kuvutia iwe fupi, nene, yenye ukuta mgumu wa kutojikunja ndani. Tulianza na tuyo laini ya bustani, ikajibana yenyewe kama mrija wa soda wakati mtoto anavuta kwa nguvu, na pompa ikakaa na njaa. Kichujio cha kuzuia mbegu na vipande vya kokwa kinahitajika, lakini kisiwe na matundu madogo sana, la sivyo ni njaa ile ile. Kwa marakuja chujeni mbegu zote kabla, kwa sababu ni ngumu na zinakwaruza mpira.

Kuosha

Kila tunapomaliza tunapitisha maji baridi kwanza, maana maji ya moto yanapika mabaki ya soja yakashika ukutani. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha maji safi. Javeli tunatia kidogo sana na hatuiachi ikae, kwa sababu inakula hata inoksi, halafu tunasuuza tena. Mwishoni tunafungua kifuniko na kutoa turubini. Ikiachwa ndani juma nzima, mabawa yaliyobanwa na nundu yanazoea kupinda na hayanyooki tena. Nje ya kopo tunaikausha na kuihifadhi mbali na jua. Siku ya kuirudisha tunailowesha kwa maji ya sabuni, halafu tunasuuza. Grisi ya gari hapana kabisa.

Na tunahesabu mabawa. Yetu ina manane. Tunahesabu kabla ya kazi na baada ya kazi, tunapinda kila moja kwa kidole kuona kama kuna ufa kwenye shina lake. Mama anayehesabu anasema namba kwa sauti na mwingine anaandika kwenye daftari.

Sheria hiyo haikutoka kwenye karatasi ya mtengenezaji. Ilitoka kwangu mimi. Katika juma la tatu, nilikuwa nimesimama kwenye pompa, mimi niliyekuwa nimewafundisha wamama wote kwamba kioevu kinachopita ndicho mafuta ya mpira huu, na kwamba bila hicho nusu dakika inatosha kuuunguza. Telefone ikalia. Ilikuwa habari ya mtihani wa wanafunzi, nikatoka mlangoni kidogo ili nisikie. Beseni likaisha. Nilirudishwa na harufu, ile harufu ya tairi la motoka linalochomwa.

Tulifungua. Mabawa saba. Tulitafuta la nane kwenye kopo, hatukuliona. Kwenye tuyo, hatukuliona. Ndani ya sufuria kulikuwa tayari na lita 90 hivi, na hatukujua kama kipande kile kimekwenda humo. Mama mmoja alisema tuchuje tena kwa kitambaa, tuuze. Mwingine alisema kitambaa kinazuia kipande, hakizuii unga wa mpira ulioungua. Walinitazama mimi. Nilifikiria watoto wa saa sita, nikasema timwaga. Tulimwaga lita 90 nyuma ya nyumba, maembe ya asubuhi nzima, na hakuna mama aliyenisemesha mpaka jioni. Kipande tulikipata siku iliyofuata kwenye kona ya tuyo ya kutolea. Hakikuwa kimefika kwenye sufuria hata kidogo. Lakini harufu ilikuwa imefika.

Turubini ya akiba ndiyo iliyotuokoa. Bila ile ambayo mfanyabiashara alilalamika kuileta, msimu ungekuwa umekwisha hapo. Baada ya mauzo ya mwezi tuliagiza mbili nyingine, na gharama ya ile iliyoungua nililipa mimi kutoka mshahara wangu, kwa vipande viwili, na komite ilikubali.

Siku hizi kibonyezo kina mwenyewe. Ni mwenzetu yule aliyeungua mkono, aliomba kazi hiyo yeye mwenyewe. Anakaa kwenye kigoda karibu na ukuta, macho kwenye beseni, na hashiki kitu kingine chochote. Kilichobaki kikifika vidole vinne kutoka kitako anazima. Binti yake anafika shuleni kwa wakati. Na kila siku ya posho, kabla ya kubonyeza, mama huyo ananyosha mkono wake ule wenye kovu kuelekea kwangu, mbele ya wote, na kuuliza: «Mwalimu, telefone?» Ninamkabidhi.